Mto Ambao Hatukuuvuka

Enzi zetu kule Kirushya, mtu akifa mchezoni alikuwa amekufa. Hakuna cha kubembeleza. Ulinyanyuka, ukajipangusa vumbi, ukaenda kumsaidia mama kupukuchua maharage mpaka wenzako wamalize kucheza. Siku hizi mwanangu anauawa kwenye simu, anabonyeza mahali, anafufuka na bunduki nzuri kuliko ya mwanzo. Nilimuuliza sasa kufa kwenyewe kuna maana gani, akaniangalia kama mzee wa kuhurumiwa.

Mchezo wetu tuliuita Safari. Tulichezea migombani, juu ya majani makavu, harufu ya ndizi zinazoivishwa shimoni ikitujia puani. Mmoja wetu alikuwa mwenye njia: yeye ndiye aliyesimulia nchi tunayopita, nasi kila mmoja alijifanya mtu wa humo ndani. "Mmefika kwenye pango, linanuka moshi. Mnafanya nini?" Ukisema unaingia, unarusha haragwe tuliloliunguza upande mmoja kwa msumari wa moto. Likilala upande mweusi juu, shauri yako. Mama alikuwa akitufokea kutoka jikoni, "Hayo maharage ni ya kula, nyie watoto!", nasi tunajifanya hatusikii.

Mwenye njia wetu alikuwa dada Leokadia, binti wa jirani aliyetuzidi umri kidogo. Alisimulia kwa sauti ya chini, bila haraka, mpaka unasahau kwamba umetumwa maji. Hakuandika kitu. Ramani tulichora wenyewe kwa mkaa kwenye ganda la mgomba, na tukikosea tulipotea, hakuturekebisha hata kidogo. Wala hakuna aliyeanza akiwa mfalme. Ulipewa fimbo na kiazi kitamu, basi, mengine utayapata mbele ya safari. Mimi nilikuwa mchunga mbuzi mwoga. Zakayo, rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Shinyanga, alikuwa mwindaji aliyeitwa Kisu, na Zakayo alimpenda Kisu kuliko alivyopenda kula.

Tukakua, na mchezo haukuisha. Mimi nilipata kazi Biharamulo mjini, Zakayo akaenda kulima Kaniha, Leokadia akaolewa palepale Kirushya. Kila Krismasi tulikutana tena migombani, wanaume wazima na vitambi vyetu, wake zetu wakitucheka. Kuna mwaka shemeji yangu alituletea dadu za plastiki kutoka Mwanza, nzuri kweli. Tulimshukuru, tukawapa watoto. Mwaka mwingine akaomba na yeye awe mwenye njia, tukamwambia haiwezekani. Aliyeifungua njia ndiye anayeifunga, hata akizeeka nayo.

Ndipo tukafika mtoni. "Hakuna daraja," alisema Leokadia, "maji yanavuma, na ng'ambo kuna taa zinawaka. Anayevuka atarusha haragwe moja tu; upande mweusi ukiwa juu, amezama. Mnafanya nini?" Zakayo alilichukua haragwe, akaligeuzageuza kiganjani, akalirudisha chini. Kisu alikuwa hai tangu sisi tukiwa darasa la tatu. "Tuvuke Krismasi ijayo," akasema, na mimi nikashusha pumzi, maana hata mbuzi wangu sikutaka wazame. Krismasi iliyofuata kulikuwa na msiba. Baada ya hapo ikawa mazoea kupiga kambi ukingoni, tukavua samaki wa kufikirika, tukawachoma, tukapiga soga. Leokadia alikuwa akiuliza, "Leo mnavuka?" Tukamjibu, "Haraka ya nini, dada?" Naye alicheka pamoja na sisi.

Mwaka huu Leokadia amepooza upande mmoja. Ulimi umekuwa mzito, maneno hayatoki. Tulimkuta ameketishwa uani, tukamwamkia, akatushika mikono kwa ule wake mzima na machozi yakamtoka. Alitutambua vizuri, akili yake ipo. Tulipokaa kidogo, Zakayo akashindwa kujizuia, akamuuliza Editha, binti wa Leokadia, kama mama hakuwahi kumwambia kulikuwa na nini kule ng'ambo.

"Wajomba, hata yeye alikuwa hajui," Editha alisema. "Alikuwa anasema atayajua siku mtakayovuka. Kila Krismasi ikikaribia anatuambia, labda mwaka huu watakubali."

Leokadia akainamisha kichwa taratibu, kwamba ndivyo.

Miaka yote ile tulidhani anatufichia kitu kizuri, kwamba kipo tu kinatusubiri. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitusubiri. Tukatoka mimi na Zakayo mpaka kituoni. "Bora Kisu angezama," akasema, basi.

Inaniuma. Zamani tulikuwa na mtu wa kutuuliza tunafanya nini, tukawa tunaahirisha kwa kuogopa kumpoteza mtu ambaye hakuwepo. Sasa tungevuka leo hii, hata kwa kuzama wote, na hakuna wa kutuuliza.