Usimwage Linki Juu ya Msiba

Ipo siku moja, mwanangu, siisahau hata nikitaka, na jana umenirudisha huko bila kujua. Umeingia kwenye grupu la ukoo, hujasalimia, hujasema neno, ukabandika linki ndefu imejaa vinamba na vialama vya ajabu, kioo chote cha simu yangu kikawa ni hiyo tu. Halafu nyingine. Halafu nyingine tena. Wenzio wakakuwekea dole gumba. Mie sikuweka. Nimekuita ukae hapa, unywe chai yako taratibu, unisikilize. Simu iweke chini kwanza. Iweke chini, nimesema.

Wakati huo hizi simu za kugusa ndiyo kwanza zinaenea huku kwetu Temeke. Mie nilikuwa fundi makochi, nguvu zangu bado ninazo, na mke wangu Mwanaidi, Mungu amrehemu, alikuwa hoi kitandani kwa maradhi ya figo. Hatukujaaliwa mtoto wa kiume. Na unajua kwetu sie, mwanamke akifa, wanaoshuka kaburini kumpokea ni wanaume wake wa karibu: mumewe, mwanawe, kaka yake. Mwanaidi alikuwa na kaka mmoja tu, Shomari, ambaye ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Alimsomesha yeye, na kuniozesha aliniozesha yeye. Basi jioni moja Mwanaidi akanishika mkono, akaniambia, "Siku yangu ikifika, kaka Shomari ndiye anipokee kichwani. Asinipokee mtu baki." Nikamwahidi. Kwa mdomo huu huu nilimwahidi.

Alikata roho alfajiri. Shomari alikuwa Kilwa, shambani kwake. Nikampigia, akalia sana, akasema anapanda basi la kwanza, nimsubiri. Tukakubaliana mazishi yawe baada ya alasiri, makaburi ya Mbagala, alikolala mama yao. Mabasi ya kusini yanapita pale pale Mbagala, kwa hiyo akishuka anakwenda makaburini moja kwa moja. Tukaandika kwenye grupu, ndugu wote wakajua.

Asubuhi imekwenda kwenda, wachimba kaburi wakapiga simu. Ilikuwa masika, na mvua ya usiku imeharibu kila kitu. Wakichimba huku, maji yanajaa huku. Imamu wetu akasema makaburini hapa Temeke ni pakavu, na mawingu yale hayatangoja alasiri, tumzike mara tu baada ya adhuhuri. Nikampigia Shomari, hapatikani. Nikajua yuko kwenye mapori ya njiani, hakuna mtandao. Nikaandika kwenye grupu mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba mazishi yamebadilika, ni Temeke, ni adhuhuri, na Shomari akishuka Mbagala achukue bodaboda aje mbio. Nikajiambia mtandao ukirudi ataona. Masikini mie, ataona nini!

Sasa yupo Idrisa, mtoto wa dada yangu. Wakati ule ni kijana wa chuo, mpole, hana baya na mtu. Naye kifo kile kilimuuma, siwezi kumsingizia. Lakini akaona mchango wake ni kumwaga mawaidha. Akabandika linki ya sheikh huyu kuhusu mauti, akabandika ya sheikh yule kuhusu adhabu ya kaburi, na moja, haki ya Mungu sikutungii, ilikuwa ya fadhila za kumsindikiza maiti. Hakuandika hata neno moja pembeni. Linki tupu, zenye mikia mirefu, moja inajaza kioo. Vijana wenzake nao hawakutaka kuachwa nyuma, kila mmoja akaitafuta yake akaitupia, wakawa kama wanashindana nani mchamungu zaidi. Ujumbe wangu ukasukumwa juu mpaka ukapotea. Na mie nilikuwa ndani naosha maiti wangu, nitajuaje?

Shomari mtandao ulimrudia basi likiwa linaikaribia Mbagala. Akafungua grupu kwa kisimu chake cha betri iliyochoka, akakuta linki, linki, linki. Akagusa mojawapo akidhani ndiyo taarifa ya msiba, maana haikuandikwa ni ya nini. Ikafunguka video ndefu, ikamla bando lake lote, na chaji nayo ikakata. Akajisemea, ni mawaidha tu haya, mipango iko vilevile. Akashuka, akatawadha, akaswali adhuhuri yake, akakaa kwenye baraza la msikiti ulio jirani na makaburi, anamngoja mdogo wake. Alikuwa pale, mwanangu! Kutoka pale mpaka tulipokuwa sie bodaboda inafika mara moja.

Huku tulikuwa tumesimama kaburini, jeneza liko chini. Nikamwomba imamu tungoje kidogo. Tukangoja. Matone yakaanza kudondoka, watu wakaanza kutazamana. Imamu akanishika bega akasema, "Ndugu yangu, maiti ana haki yake. Tusimcheleweshe." Kitambaa kikatandazwa juu, nikashuka, na wanaume wawili wa mtaani wakashuka nami. Mmoja alikuwa muuza chipsi wa pale kona. Mtu mwema, Mungu amlipe, lakini Mwanaidi alikuwa hapiti mbele ya banda lake bila kujitanda vizuri. Leo huyo ndiye kampokea kichwani. Nililia mle shimoni, wala sikujificha. Nililia kufiwa, nikalia na aibu.

Jioni, alasiri ilipompita pale Mbagala bila jeneza kufika, Shomari akaja nyumbani, viatu vimejaa tope, kanzu imelowa.

"Mwanaidi yuko wapi?"

"Tumeshamsitiri, shemeji," nikamwambia.

Akanitazama kama hanijui. "Umemzika dada yangu mie sipo? Hata kuniambia?"

Nikamwambia nilipiga simu, nikaandika kwenye grupu. Akatoa kicheko kibaya, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena duniani. "Kwenye grupu mie nimeona linki tu," akasema.

Idrisa akasogea, machozi yanamtoka, akampa shikamoo. "Anko, nisamehe. Mie nilikuwa natuma mambo ya kheri."

"Ya kheri?" Shomari akasema. "Umenitumia fadhila za kumzika dada yangu, ukaninyima kumzika."

Hakukaa. Chakula hakugusa. Akauliza kaburi liko upande gani, akaenda peke yake. Shomari alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu, tulikuwaga tunakula sahani moja. Tangu siku ile nikimpigia siku ya Idd, anapokea, anasema wazima alhamdulillahi, kisha simu anampa mkewe. Hajanitukana hata siku moja. Bora angenitukana, nami nikajibu, tukaishia hapo. Na simlaumu, kwa kuwa ahadi niliitoa mie, haikutolewa na Idrisa.

Ndiyo maana nyie mkinicheka kwamba mzee kaichukia mitandao, nawaacha mcheke. Sijaichukia. Nachukia uvivu wa kumbandikia mwenzio kitu kisicho na maelezo, kana kwamba kazi ya kujua ni nini ni ya kwake. Ukitaka kutuma linki, mwanangu, sema kwanza kwa maneno yako ndani yake mna nini, kama ni ya kusoma au ni video ya kumla mtu bando. Si kila mtu ana simu kama yako. Ule mkia mrefu usio na kazi ukate, au tafuta njia ya kuufupisha, mbona mambo magumu kuliko hayo mnayaweza! Ikitosha moja, usilete tatu. Kabla hujabandika, rudi juu usome wenzio wameandika nini. Na ukikuta kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna mtu anaelekezwa njia, basi toa pole yako kwa neno moja ukae kimya. Hata mawaidha yana wakati wake. Mtu aliyefiwa hakukosa mawaidha siku ile, alikosa kujua azike wapi.

Haya, mwanangu, nimemaliza. Chai imepoa, kunywa hivyo hivyo. Mungu akukuze, akupe kheri ya mikono yako na ulimi wako, akupe umri mrefu na ndugu wanaokupenda. Na siku yako ikifika, mbali huko inshallah, akupokee yule uliyetaka akupokee. Mwanaidi wangu sikumpatia hilo. Wewe Mungu akupatie.