Mbwa Aliyepigwa na Radi

Juzi, kibandani kwake pale mtaani Mutakura, fundi alikuwa anajaribu televisheni ya mteja kwa kaseti ya katuni. Kwenye kioo, wingu dogo lilimfuata mbwa mmoja tu, likampiga radi, akabaki jivu lenye macho mawili. Kisha akajikung'uta, akaenda zake.

"Rudisha, fundi," akasema mama mmoja aliyeleta redio yake. "Mi nataka kuona tena venye anaamuka."

Fundi akarudisha. Sisi wateja tukasogea. Mara kishindo kikalia milimani. Kwa vita hii hatuulizi kama ni radi au bomu. Tulilala chini sote, isipokuwa yule mama, kiganja chake kwenye kioo.

"Apo penye anaamuka," akasema polepole. "Rudisha tena."

Wanaochora katuni hawaijui radi hata kidogo. Mungu awaache hivyohivyo.