Babu Alipoacha Kusikia

Chini ya bweni letu hapa chuoni kuna shule ya msingi, na kila asubuhi mtu hugonga rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Wenzangu hulalamika kwamba inawakatizia usingizi. Mimi huamka kabla yake nikaingoja. Hugongwa ovyo, harakaharaka, na kila siku sikio langu hutafuta mapigo mengine: matatu ya polepole, kimya cha pumzi moja, halafu mawili.

Hayo yalikuwa mapigo ya babu yangu mzaa mama, mwenyekiti wa kwanza wa kijiji chetu kule Mpimbwe, safari ya kutwa nzima kutoka Mpanda mjini. Rimu yake ilitoka kwenye lori lililofia njia ya Sitalike. Kutu yake iliacha viganjani harufu kama ya damu, na mlio wake ulivuka majaruba ya mpunga hadi mtoni, ambako viboko waliinua vichwa kuusikiliza. Ndivyo alivyotuambia babu. Hata wakati ule sikumwamini sana.

Nilikuwa na miaka kama tisa, miaka ya sabini imefika katikati, babu alipoanza kuachia uongozi. Msimu mmoja alimwachia mikutano Fulgensi, kijana aliyekuwa akifundisha elimu ya watu wazima, yeye akahamia nyuma kwa wazee wenzake. Msimu uliofuata akamwachia mashauri ya mipaka na mifugo. Mwisho akamkabidhi nondo ya kugongea rimu, iliyokuwa ikilala chini ya kitanda chake. Bibi alisema babu anashusha uongozi kama mwanamke anavyotua mtungi: hupiga goti kwanza.

Lakini watu hawakwenda kwa Fulgensi. Waliendelea kuja uani kwetu, wakasema "Shikamoo Mwenyekiti," wakaketi, wakaanza kueleza. Babu aliwaelekeza kwa Fulgensi. Waliitikia vizuri kabisa, na kesho yake wakarudi. Ndipo babu alipokuwa kiziwi.

Ilitokea ghafla, baada ya homa ya siku mbili. Mtu akimweleza kwamba mbuzi wa jirani wamemaliza mahindi yake, babu alijibu kwa upole kwamba bibi hajambo, anaendelea vizuri. Aliyelalamikia mpaka wa shamba aliambiwa kwamba naam, mwaka huu siafu ni wengi. Watu walipaza sauti, wakachoka, wakaondoka wakitikisa vichwa. Masikini Mwenyekiti, walisema, uzee haupigi hodi.

Mimi niliumia kuliko wote. Kila jioni nilikuwa nikimsimulia babu habari za shuleni, naye akinibishia neno kwa neno. Tabia yangu hii ya kuuliza kwa nini, ambayo imenigombanisha na walimu wengi, niliipata kwake. Sasa aliniangalia tu. Niliendelea kukaa kando yake kwa mazoea, nikimmenyea karanga, na kwa kuwa hakusikia, nikamwambia hata yale ambayo nisingemwambia padri. Nilimwambia namchukia Fulgensi. Nilimwambia kwamba kila Jumapili, wengine wakiombea mvua, mimi namwombea Fulgensi augue tumbo, tena sana, ili nondo irudi chini ya kitanda. Babu alitafuna karanga zake.

Ukafika wakati wa mavuno. Kwetu hakuna aliyethubutu kukata mpunga, wa kijiji wala wake mwenyewe, kabla rimu haijafungua mavuno, na tangu rimu itundikwe aliyefungua alikuwa babu. Asubuhi hiyo aligonga Fulgensi. Aligonga kwa nguvu, bila kupumzika, kama anayefukuza ndege. Watu walibaki vibarazani na visu vyao vya kuvunia mapajani, wakisema chuma bado hakijaita. Wengine walikuja uani kwetu kumtazama babu usoni. Yeye alikuwa anasokota kamba.

Kesho yake tulikuta viboko wamepanda kutoka mtoni, wamekula na kukanyaga upande mzima wa shamba la kijiji. Fulgensi akagonga tena. Walikwenda mke wake na wadogo zake wawili. Viboko wakarudi.

Asubuhi ya tatu bibi alisimama mbele ya babu. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Mpunga unaliwa, na wewe umekaa hapa na uziwi wako. Hawa watoto watakula nini?"

Niliona kidole cha babu kimesimama katikati ya kamba.

Rimu ilipolia, aliinuka. Alivaa kofia, akachukua kisu chake, akatoka, nami nyuma yake. Alipita katikati ya kijiji taratibu bila kumtazama mtu, na kila kibaraza alichokipita kilibaki kitupu. Tulipofika kwenye rimu pale ukingoni mwa shamba, kijiji kizima kilikuwa nyuma yetu. Fulgensi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimnyooshea nondo. Nilimshukuru Mungu moyoni. Nilijua sala zangu zimefika.

Babu alivua kofia. Sikuwahi kumwona akimvulia mtu kofia isipokuwa padri.

"Mwenyekiti," alisema, "nianzie wapi?"

Fulgensi aliishusha nondo. Kisha akamwonyesha upande uliokanyagwa, penye matope, pabaya kuliko pote. Babu alikwenda, akainama, akaanza kukata. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Mwenyekiti tena.

Hata hivyo aliendelea kuwa kiziwi, miaka yote iliyofuata.

Siku hizi hapa chuoni neno kung'atuka liko midomoni mwa kila mtu, kwa kuwa kiongozi wa nchi anaachia madaraka hatua kwa hatua. Tunabishana mpaka chakula kinapoa. Mwenzangu mmoja anasema hakuna anayeachia kweli. Mimi siamini kauli ya mtu yeyote, na hata babu sijamsamehe kila kitu: mwaka ule tulikula uji mwepesi kwa sababu ya zile siku mbili alizosokota kamba. Ila nikisikia kwamba mkubwa fulani amekabidhi ofisi, huwa najiuliza ni nani bado anakwenda uani kwake, na kama anasikilizwa.

Nilipokuwa naondoka kuja huku, nilimpigia babu magoti kumuaga kwa ishara, kama tulivyozoea. Alinivuta karibu.

"Pita kwa Fulgensi umuage," alisema taratibu. "Tumbo linamsumbua siku hizi. Ile sala yako, mjukuu wangu, kaifute."

Nilipita, nikamuaga Fulgensi, nikashindwa kumtazama usoni. Njia nzima hadi Mpanda nilizihesabu zile jioni za karanga. Alisikia zote. Kila swali langu alikuwa na jibu lake, na pengine ubishi mtamu, akavimeza pamoja na karanga. Na mimi miaka yote ile nilidhani ni mimi peke yangu niliyepoteza mtu wa kuongea naye.