Kamera ya Mkononi au ya Kichwani

Mniwie radhi kwa kimya changu kirefu.

Leo mkono wangu umenisaliti mbele ya familia.

Nilikuwa nachagua kishikio cha kamera ndogo nitakayopiga nayo mbizi baharini, Watamu. Nilitaka fimbo ya kushika mkononi. Binti yangu Kagendo, ambaye hufundisha mbizi huko na sasa yuko nyumbani likizo, aliniambia niijaribu kwanza shambani, hapa Kiirua.

Nikarekodi safu za viazi, kisha tukaitazama video.

Mke wangu akanicheka: "Mwalimu, mbona viazi vinacheza ngoma?"

Kagendo hakucheka. Aliushika mkono wangu, akauona ukitetemeka. (Nimeuficha mfukoni mwaka mzima.)

"Baba, utavaa kamera kwa mkanda wa kichwani. Lakini kwanza umwone daktari."

Mkanda upo mezani. Niuvae, au nisipige mbizi kabisa?

Semeni.

Nikiamua nitawaandikia, kwa mkono huuhuu.