Kitambaa Kilichoganda Chumvi

Pale kituo cha msitu walimwita Bi Upepo, na hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kusema, kila asubuhi kabla ya saa mbili, kama siku hiyo moto unaweza kuwashwa au hapana. Si ramli hiyo, ni vipimo. Alipima upepo na unyevu wa hewa, alikata nyasi akazipima kwenye mizani, akazikausha kwenye oveni, akazipima tena ajue zilikuwa na maji kiasi gani. Mtu akimwuliza, "Dada, una uhakika?" alijibu, "Ningekuwa sina, ungeniona nimenyamaza."

Siku hiyo wanaume kumi na wawili walikuwa wakingoja neno lake. Walitakiwa kuchoma ukanda wa nyasi kando ya misonobari, ili moto wa kiangazi ukija ukose cha kula. Mwashaji alikuwa mumewe. Bi Upepo akasoma vipimajoto vyake viwili, kile kikavu na kile kilichovishwa kitambaa kibichi. Vilikuwa karibu sawa, maana yake hewa ina unyevu tele. Upepo nao ulikuwa mdogo. Akaandika ruhusa.

"Nenda, baba watoto," alimwambia mumewe dirishani. "Leo hata ukiubembeleza, huo moto hautakimbia."

Saa nne akafungua oveni. Nyasi alizokata jana mchana zilikuwa zimekauka. Akazipima, akapiga hesabu, akakunja uso. Katika kila gramu mia, maji hayakufika saba. Haiwezekani hewa iwe na unyevu wiki nzima na nyasi ziwe kavu kiasi kile. Mmoja hapo anadanganya, na nyasi hazijui uongo.

Akatoka mbio mpaka kwenye kisanduku cha vipimajoto, akakishika kile kitambaa. Loo, kigumu, kimeganda chumvi nyeupe! Maji ya mvua ya kukilowesha yalikwisha wiki iliyopita, naye akajaza kikopo chake maji ya bomba, yale ya chumvichumvi, akisema ni ya siku moja tu. Kitambaa kikishaziba hakinywi maji, kipimajoto hakipoi, na hewa kavu inasomeka kama ya bafuni. Alilijua hilo fika, tena alikuwa akiwafundisha wenzake. Uvivu wake mwenyewe ndio uliompeleka mumewe kwenye nyasi kavu na moto mkononi.

"Zimeni," alisema kwenye redio. "Zimeni sasa hivi."

Msimamizi wa kikosi akacheka kidogo. "Mama, si wewe uliyetuambia twende? Tumeshaanza. Nusu saa tu tunamaliza."

Angeweza kusingizia upepo na heshima yake ikabaki palepale. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hiki kingeanza na mumewe. Tena msimamizi angetazama juu, aone jani halitikisiki, aendelee.

"Upepo haujabadilika," alisema. "Nimekosea mimi. Nimesoma kipimo kibovu, na kosa ni langu. Zimeni."

Redio ikanyamaza. Akaita mara tatu, kimya. Watu wakipiga moto hakuna anayeshika redio. Akavisha kipimajoto kitambaa kipya, akakilowesha kwa maji safi, akasoma upya. Unyevu ulikuwa sehemu kumi na tisa kati ya mia. Haikupita saa, upepo ukashuka kutoka mlimani, ukang'oa bati la banda la miche.

Walirudi saa saba, weusi kwa masizi. Akawahesabu mara mbili. Wote kumi na wawili.

"Mimi nilitaka tumalize," msimamizi alikiri. "Huyu bwana wako ndiye aliyekataa. Sijafungua mdomo, yeye keshavunja tawi bichi anaupiga moto kuuzima."

Bi Upepo akamgeukia mumewe. "Uliniamini haraka hivyo?"

"Miaka kumi na tisa tuko pamoja," mumewe alisema, akijifuta uso, "sijawahi kukusikia ukisema umekosea. Nikajua leo tunakufa."