Mshale Uko Katikati

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumpa mtu habari mbaya. Mteja akinenepa, shangazi atakula kiapo kwamba kitambaa ndicho kilichopungua kwa kufuliwa. Tulimcheka, lakini sote tulipenda kudanganywa naye.

Mume wake, ambaye sisi watoto tulimwita Dereva, alistaafu kwenye malori akanunua basi kuukuu la dizeli. Waling'oa viti, wakaingiza kitanda, jiko la gesi na cherehani, wakarudisha ufunguo wa chumba cha kupanga. Wakawa wanazunguka minadani, shangazi akishona humo humo. Injini ikifa, riziki na makazi vimekwenda pamoja.

Dereva alimfundisha shangazi kusoma geji ya joto la injini. Mshale ukikaa katikati, injini ni nzima. Mlimani utapanda kidogo, kwenye mteremko utarudi. Ukigusa wekundu, gari lizimwe. Kisha njia nzima akawa anauliza, "Mama, mshale?" Shangazi alidhani ni utani wa mume asiyetaka mkewe asinzie. Siku moja alimjibu kwamba umepanda kidogo tu, basi presha ya mzee nayo ikapanda, akalazwa. Tangu hapo jibu likawa moja: uko katikati.

Siku ya mkosi walikuwa wanapanda mlima mrefu. Mshale ulipita katikati ukaukaribia wekundu. Dereva akauliza, shangazi akajibu uko katikati. Ghafla mshale ukaporomoka hadi chini kabisa, kana kwamba gari halijawashwa. Shangazi akashusha pumzi. Alipoulizwa tena alijibu kwa furaha kabisa, na Dereva akakanyaga mafuta. Hawakufika kileleni. Kulinuka moshi, injini ikagonga mara kadhaa, ikanyamaza.

Gari lilivutwa hadi gereji. Fundi akawaonyesha mpira wa rejeta uliopasuka.

"Geji hii inapima joto la maji," alisema. "Maji yakimwagika yote, inabaki hewani, mshale unashuka. Injini yenyewe inaungua."

Fundi alipokwenda kutafuta vifaa, Dereva alimgeukia mkewe bila hasira. "Ungeniambia umeshuka, ningezima pale pale."

Hapo shangazi akapandwa na mori. "Si ulikuwa mbele ya macho yako? Nani alikuwa kwenye usukani, mimi?"

Dereva aliinamisha kichwa. "Mama, mshale ule sijauona tangu mwaka jana."

Shangazi alimuuliza, na barabara je? Akajibu kwamba asubuhi anaona vizuri tu. Jua likiwa kali hufuata mstari mweupe, na magari yanayokuja huyasikia kabla ya kuyaona.

Shangazi aliyafikiria madaraja waliyovuka, na watoto wa shule waliokuwa wakikimbia mbele ya basi lao, naye ameketi pembeni anashona pindo la sketi. Alitaka kumfokea, lakini angeanzia wapi, mwongo na mwongo mwenzake? Akaketi kwenye tairi, akalia.

Fundi aliporudi alimwonea huruma. Akamwambia asilie, injini itapona. Akijitahidi, gari litatembea ndani ya wiki.

Shangazi akafuta machozi, akamwambia asijisumbue, hawana haraka yoyote.