Kichocho cha Mke Wangu

Utotoni nilikojoa damu, kama wenzangu wote tulioogelea lamboni. Tulichekana, shuleni tukapewa vidonge vya kichocho, yakaisha.

Mke wangu alipotokwa na damu isiyo ya hedhi, hakuna aliyecheka. Tabibu wa zahanati alimpa dawa za magonjwa ya zinaa mara tatu. Nami nikapimwa, nikaonekana mzima. Nikamuuliza mke wangu, "Haya umeyatoa kwa nani?" Aliapa hamjui mwanaume mwingine. Nilimrudisha kwao Zagayu.

Miaka mingi baadaye mhudumu wa afya alieleza kwenye mkutano wa kijiji kwamba kichocho hutia vidonda hadi kwenye njia ya uzazi, na kwamba wanawake wengi wametibiwa magonjwa ya zinaa wasiyokuwa nayo. Nikakumbuka mke wangu alivyokuwa akipanda mpunga kwenye majaruba yangu, maji magotini. Nilienda kwao kumwomba radhi. Alisikiliza huku akipepeta mtama, akasema, "Nilikwambia." Hakurudi, na sikuwa na haki ya kumtaka arudi.

Mwaka huu mwanangu alinijia amekunja uso. "Baba, mke wangu ana ugonjwa wa aibu. Namrudisha kwao."

"Kesho anakwenda hospitali Bariadi. Nampeleka mimi."

"Wewe, baba mkwe wake?"

Kwetu mkwe na mkamwana hawakai benchi moja, sembuse kutajiana maradhi ya chini ya kitovu. Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Mbele ya daktari mkamwana alijifunika mdomo kwa kanga, akajibu kwa kichwa tu. Daktari akaanza kuandika dawa za zinaa. Nilisimama mlangoni, nimewapa mgongo.

"Mpime kichocho," nikasema.

"Mzee, kichocho ni cha watoto wa shule."

"Hao watoto wanakanyaga maji gani? Si haya haya ya majaruba?"

"Kwani mgonjwa ni wewe?"

"Basi muulize yeye, amefanya kazi majini tangu lini. Ukimuuliza, natoka."

Akamuuliza. Nikatoka hadi kibarazani, sauti zikanifikia. Mkamwana alianza kwa sauti ndogo, kisha akaeleza yote, hata maumivu. Daktari akachana karatasi ya kwanza, akaandika kipimo.

Jioni tulimkuta mwanangu ameshafunga nguo za mkewe kwenye begi. Mkewe akamkabidhi majibu, asome kwa sauti. Alipofika kwenye neno kichocho akaanza kuikunja karatasi.

"Endelea," mkewe akamwambia.

"Ukimaliza," nikasema, "fungua hilo begi."